Wakuu, bosi anataka lobi ya ofisi iwe na "asili ya Mwanza", nianzie wapi?

karani_mchovu

Mwangaluka wakuu, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie mawazo maana nimeshikwa pabaya. Mimi ni afisa utawala kwenye kampuni moja hapa mjini, tumehamia jengo jipya upande wa Capri Point, sasa bosi alikuwa safarini akapitia Singapore, pale uwanja wa ndege wa Changi kwenye yale maporomoko ya maji yanayodondoka ndani ya jengo kutoka mita 40 juu na msitu umeyazunguka pande zote. Tangu arudi hatupumui. Kikao cha mauzo, lobi. Kikao cha magari, lobi. Anataka mgeni akisukuma mlango tu aione asili ya Mwanza, ukuta wa majani, maji yanashuka, na jiwe. Jiwe la ukweli, lililochukuliwa hapa hapa, yaani kama Jiwe la Bismarck kasoro ziwa.

Vipimo ni hivi, lobi ni mita 9 kwa 7, dari iko juu mita 4 na kidogo, upande mmoja wote ni kioo kinatazama magharibi ziwani, kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua linazama binti wa mapokezi anafanya kazi amekunja uso kama kagombana na mtu. Chini yetu ni paking ya magari. Bajeti milioni 25, na humo humo itoke meza ya mapokezi na viti.

Nimeshampata mdizaina mmoja wa Dar, kanitumia mchoro kwenye simu, mzuri balaa, ila nilipoisoma kotesheni vizuri nikakuta ukuta wote wa majani ni plastiki. Milioni 11, plastiki tupu. Nikamwambia kaka mbona hii sio asili, akanijibu "dada yangu, asili ina gharama".

Sasa nauliza kwa waliowahi kufanya au kukaa kwenye ofisi ya namna hii, kipi kinawezekana na kipi ni cha kwenye picha tu? Na hilo jiwe je? Msinicheke sana.

---

sipendi_makuu

Tunacheka dada, samahani. Kuingiza jiwe ndani ya nyumba Mwanza ni sawa na kwenda kuuza maji Ukerewe. Mimi kwangu Mabatini jiwe lipo sebuleni miaka yote, mzee alishindwa kulivunja akajenga nyumba kulizunguka, saa hizi tivii imekaa juu yake na mchana mijusi wanapita dirishani wanakuja kuota jua hapo, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu. Mwambie bosi aje aangalie, kiingilio soda moja.

---

kokoto_kumi

Huyo hapo juu anatania lakini kasema kitu, kwa sababu jiwe la Mwanza linajengewa nyumba, sio nyumba ikishajengwa ndio unaitafutia jiwe.

Dada karani nisikilize kwanza kwenye hilo kabla hamjaita winchi. Mawe yetu haya ni granaiti, mita moja ya ujazo ina kama tani 2.7. Chukua jiwe la mviringo lenye upana wa mita 1.2, yaani linamfika mtu kiunoni na kidogo, sio kubwa kabisa, wewe mwenyewe ukiliona utasema mbona dogo. Hilo ni tani mbili na nusu karibu. Af halikai limelala kama godoro, linagusa chini sehemu ndogo tu, uzito wote unashukia hapo. Na wewe umesema chini ni paking, maana yake lobi yako ni slabu inayoning'inia, haijalala ardhini. Slabu za ofisi kwa kawaida zinapigiwa hesabu ya kilo 250 mpaka 500 hivi kwa mita mraba, watu, meza, makabati. Tani mbili na nusu kwenye eneo la ungo mmoja hapana. Labda mhandisi aliyepiga hesabu za jengo akuandikie kwa mkono wake kwamba inabeba, na chini ya hapo hapo kuwe na nguzo. Bila karatasi hiyo mimi gari yangu siegeshi.

Kuna mafundi wanatengeneza jiwe la uongo. Unasuka umbo kwa nondo nyembamba, unavisha wavu wa kuku, unapiga plasta ya sementi kwa mkono tabaka kwa tabaka, mwisho unapaka rangi. Ndani liko tupu, vijana wanne wanalinyanyua. Ila hapa ndipo watu wanapoharibu, fundi asiye na jicho anakutolea kichuguu. Nimeona moja kwenye hoteli fulani, lilikuwa kama keki ya harusi imemwagikiwa chai. Kabla fundi hajaanza mpeleke akakae nusu saa mbele ya mawe halisi. Mawe yetu yamekuwa ya mviringo kwa sababu mwamba ulipasuka mistari iliyonyooka ukiwa bado ndani ya udongo, maji yakapita kwenye zile nyufa yakala kona, baadae udongo ukaondoka na mvua yakabaki yamesimama moja juu ya jingine. Ndio maana ukichungulia utaona nyufa zimenyooka kama zimepigwa rula lakini jiwe lenyewe duara, na ngozi ya juu inabanduka magamba kama kitunguu. Af kuna michirizi myeusi inayoshuka pale maji ya mvua yanapopita kila mwaka. Asipoiweka ile michirizi hakuna mtu wa Mwanza atakayedanganyika, hata mtoto.

Ila ungeniuliza mimi hela yako ningeiweka sakafuni. Terazo. Mama yangu kanisomesha kwa kugonga kokoto mlimani, tunachoma jiwe kwa moto mpaka linapiga kelele tah, tunaligonga, tunapanga kwa ukubwa, tunapima kwa debe. Zile ndogo kabisa karibu na vumbi hakuna aliyekuwa anazitaka. Ukizichukua hizo ukazioshe vizuri, ukachanganya na sementi nyeupe, ukamwaga, ikishakomaa ukaisugua kwa mashine mpaka ile nyama ya jiwe ijitokeze, utaona kijivu, waridi kidogo, vidoti vyeusi vinametameta. Mgeni anakuwa amekanyaga Mwanza toka mlangoni mpaka kwenye meza, na slabu haina habari. Ila nayo ina uzito wake, kila sentimita moja ya unene ni kama kilo 24 kwa mita mraba, kwa hiyo ng'oa vigae vilivyopo kwanza, usiimwage juu yake.

---

dada_mapokezi

Mimi nimekaa miaka mitatu kwenye ofisi yenye maporomoko ndani, karani mdogo wangu njoo hapa nikuambie ukweli ambao mdizaina hatakuambia.

Siku ya kwanza raha. Wageni wanapiga picha, wakubwa wanapiga picha, mimi mwenyewe nilipiga. Wiki ya pili nikaanza kugundua sisikii simu. Maji yanagonga chini shaaaa kutwa nzima, mtu anakupigia anasema jina lake unamwambia rudia, anarudia, mara ya tatu unaona aibu unaandika tu jina lolote. Na wageni wakikaa pale dakika kumi wote wanauliza choo kiko wapi, sitanii, nilikuwa naonyesha choo kuliko ninavyoonyesha ofisi.

Jua lilikuwa linapiga kwenye lile beseni mchana kwa hiyo maji yakawa kijani, ukuta nao ukaota utelezi. Kijana wa usafi akaambiwa aweke klorini, akaweka ya kuua farasi, mapokezi yote ikawa inanuka kama bwawa la kuogelea. Umeme ukikatika ndio unajua vizuri, pampu inasimama, kile kimya kinakuwa kizito kila mtu anageuka kuangalia, af maji yaliyobaki kwenye ukuta yanaanza kudondoka tone tone. Jenereta haikuunganishwa na pampu maana ilionekana ni anasa. Baadae pampu ikaungua, bajeti ya nyingine ikasubiriwa, maji yakakaa. Siku moja naangusha kalamu mle ndani nainama naona viluwiluwi vya mbu vinacheza, na hapo tuko kampuni yenye mabango ya kuhimiza watu watumie vyandarua. Maji yaliyosimama hayahitaji muda, wiki moja na siku chache tu yai limeshakuwa mbu.

Tuliishia kulijaza mchanga na kupanda maua. Maua yakafa. Sasa hivi kuna printa.

Kitu kingine hamjakitaja, wale wadudu wadogo wa ziwani. Wewe una kioo kizima kinatazama maji na huko ndani bosi atataka taa zinazowaka usiku kucha ili jengo lionekane. Zile siku wanazotoka ziwani kama moshi watakuja wote kwenye hiyo taa, asubuhi unawazoa na kizoleo, wamejaa kwenye njia za dirisha wananuka samaki. Taa nyeupe kali zinawaita zaidi kuliko za njano, sisi tulibadilisha na tukawa tunazima saa moja jioni, wakapungua sana ingawa hawakuisha. Ukuta wa majani wenye unyevu sijui wangekaa humo mpaka lini.

---

karani_mchovu

Dada mapokezi nimecheka hiyo printa mpaka nimetoa machozi, af nikawaza mbu nikaacha kucheka. Maporomoko nimeshayafuta kichwani. Kokoto nimekuelewa, kesho natafuta mhandisi wa jengo. Sasa majani jamani? Ukuta wa plastiki siutaki lakini nikimwambia bosi hakuna maji, hakuna jiwe, na hakuna majani atanitoa mimi.

---

bustani_ya_mama

Majani yapo mwanangu, usihangaike. Nina kitalu njia ya Nyegezi, mwaka wa tisa huu nauzia maofisi, na ninachojua ni kwamba mmea wa ofisini haufi kwa kiu, unafia kwenye maji. Mfagizi anamwagilia asubuhi akifanya usafi, mlinzi anauonea huruma jioni anamwagia, na kuna mkubwa mmoja kila ofisi lazima awepo anamwaga chai iliyobaki kwenye chungu akidhani haonekani. Mizizi inaoza wanakuja kwangu "mama mmea wako mbovu". Chagua mtu mmoja, jina lake liandikwe, wengine wote marufuku. Na huyo mmoja achomeke kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kikitoka na unyevu aache.

Huo ukuta wa majani mabichi sikushauri. Unataka mabomba nyuma, pampu, mbolea ya maji, mfereji wa kupokea yanayodondoka, na mtu wa kupanda ngazi kila wiki kung'oa yaliyokufa. Pampu ikizima siku mbili kwa joto la hapo kwenye kioo chako umepata ukuta wa majani makavu, na ukuta wa nyuma umeshalowa.

Weka vyungu vikubwa vichache. Kimoja kikubwa kinamsimamisha mtu kuliko kumi vidogo vilivyopangwa kama watoto wa shule. Mimi ningekupa zamiokulkasi, ile yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Watu wanaiona kwenye simu wanafikiri ni mmea wa Ulaya, wananiuliza mama umeagiza wapi. Ni wa kwetu huu, unaota wenyewe kuanzia Kenya mpaka Afrika Kusini na Tanzania imo, Waholanzi ndio wamekuja kuuzalisha kwa biashara miaka ya 1990 ukazunguka dunia nzima ukaturudia na bei ya dola. Chini una viazi vinavyotunza maji, ukisahau wiki tatu haununi, na hata kona yenye giza unakaa. Ile ya majani marefu yamesimama kama panga nayo haina shida. Na masale, yanapenda kivuli, yanakwenda juu vizuri, mbele ya ukuta mweupe yanapendeza sana. Nilishawahi kuyapeleka ofisi moja mhasibu wao Mchaga akaingia asubuhi akasimama mlangoni anauliza, "nani kamkosea nani humu?" maana kwao isale ndio la kuombea msamaha.

Kwenye kioo chako cha magharibi usisogeze chungu karibu, majani yanaungua yanapata madoa ya kahawia, rudi nyuma mita mbili hivi. Na kama wateja wanakuja na watoto, zamiokulkasi ina utomvu unaowasha mdomo ikitafunwa, kwa hiyo chungu kiwe kirefu.

Jambo la mwisho, wauzaji wenzangu wataninunia. Mtu akikuuzia kwa maneno ya kwamba mimea inasafisha hewa ya ofisi usiongeze bei kwa ajili hiyo. Ile habari imetoka kwenye majaribio ya NASA ya mwaka 1989, waliweka mmea kwenye kisanduku kilichofungwa. Mwaka 2019 watafiti wawili Marekani wakapitia majaribio ya namna hiyo yaliyokuwa yamefanyika, wakakuta ili mimea ifanye kazi ile ile inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia jengoni unatakiwa uwe nayo kuanzia 10 mpaka 1,000 kwa kila mita mraba. Lobi yako ina mita 63. Mimi ningetajirika lakini nyie mngekaa wapi?

---

sipendi_makuu

Milioni 25 jamani. Milioni ishirini na tano kwa ajili ya kuchonga sehemu ambayo mteja anakaa dakika tano akisubiri kuambiwa mhusika katoka. Wekeni benchi, maji ya kunywa ya baridi na mtu anayejibu barua. Hela inayobaki muwape wafanyakazi, watakuwa na nyuso za asili.

---

zamu_ya_usiku

Sipendi makuu nakubaliana na wewe kwenye benchi na maji ya kunywa. Lakini mimi ni nesi, na kuna utafiti tulifundishwa chuoni sijausahau. Roger Ulrich, Mmarekani, aliuchapisha 1984. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali moja Pennsylvania waliopasuliwa kutolewa kifuko cha nyongo, akawapanga jozi 23 waliofanana umri, jinsia, na mambo mengine, tofauti ni dirisha tu. Mmoja kitanda chake kinaona miti, mwenzake anaona ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema kidogo, walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache, na manesi waliandika malalamiko machache kwenye mafaili yao. Mimi kama nesi hilo la mafaili ndilo linanifurahisha.

Sasa angalia, pale hakuna aliyepanda mti wodini. Ni dirisha. Na dada karani umesema wewe mwenyewe mna ukuta mzima wa kioo unaoona ziwa. Hebu niulize, kwenye huo mchoro wa mdizaina viti vya wageni vinatazama wapi?

---

karani_mchovu

Subiri niangalie.

...

Vinatazama tivii. Ziwa liko mgongoni. Yaani kaweka pazia zito kwenye kioo chote "kupunguza mwanga" af ukuta wa pili kaweka majani ya plastiki na picha kubwa ya ziwa.

---

sipendi_makuu

PICHA YA ZIWA 😂😂😂 Huyo apewe hizo milioni 11 kwa ujasiri peke yake.

---

kokoto_kumi

Nimesimama kula nikacheka. Haya ngoja nirudi kwenye jua maana hilo ndilo lililomfanya aweke pazia, na jua la jioni kwenye kioo cha magharibi sio mchezo. Pazia la ndani linaondoa mng'ao kwenye macho ila joto linakuwa limeshaingia, limepita kioo limekaa kati ya kioo na pazia linapika ofisi, kiyoyozi kinalia. Jua lizuie nje kabla halijagusa kioo. Jua la jioni linakuja chini chini kwa hiyo kibaraza cha juu hakitoshi, weka mbao za kusimama nje, kama mapanga yamepangwa kwa kuacha nafasi na kugeuzwa kidogo, ukisimama ndani unaona maji vizuri katikati yake lakini lile jua la pembeni linakatwa. Ongea na mwenye jengo kwanza. Kama akikataa kabisa basi ndani tumia matete, sio pazia zito. Mwanga wa jioni ukipita kwenye matete unatua sakafuni vijistari vijistari, na kama sakafu ni ile terazo niliyosema utanipigia simu usiku kunishukuru.

Na asili sio lazima ionekane tu. Kule Harare kuna jengo la Eastgate, limefunguliwa 1996, msanifu wake Mick Pearce aliangalia vichuguu vya mchwa vinavyopitisha hewa, akajenga ofisi na maduka ambayo hayana mfumo wa kawaida wa viyoyozi, zege linapozwa na hewa ya usiku, mchana joto la watu linapanda linatokea kwenye mabomba juu. Hakuweka kichuguu lobini. Nyie mko ukingoni kabisa, mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Muulize mhandisi kama vile vioo vya chini na vya juu kabisa vinaweza kufunguka, hewa iingie chini itokee juu. Weka nyavu kwa heshima ya wale wadudu wa dada mapokezi.

---

seremala_kayenze

Nimechelewa, nilikuwa site. Kuhusu meza ya mapokezi, ukitaka kitu cha Mwanza ambacho hakipo Singapore tafuta mtumbwi mzee. Mialo yote kuanzia huku Kayenze kuna mitumbwi imelala imegeuzwa, mbao zimeshapasuka, wenye nayo wanaikatia kuni. Ile mbao imekaa majini miaka, ina rangi ambayo vanishi haikupi, kijivu cha fedha nje, ukipiga randa milimita mbili unakuta wekundu. Unatumia ubavu wake mmoja kama mbele ya meza, ule mpindo wa mtumbwi unakuja wenyewe, na yale matundu ya misumari unayaacha.

Ila nikuambie kosa langu ili wewe usilirudie. Meza ya kwanza niliyotengeneza hivi ilikuwa ya ofisi moja ya mizigo. Nikapiga msasa, sila, vanishi koti tatu, inang'aa, wakalipa, nikala nyama choma. Wiki tatu baadae napigiwa simu, "fundi njoo unuse". Nimefika asubuhi kabla kiyoyozi hakijawashwa. Dagaa. Sio harufu kidogo, ni kama umefungua gunia Mwaloni saa sita mchana. Ule mtumbwi ulikuwa wa dagaa na mimi sikuuliza, mafuta yameingia kwenye nyama ya mbao toka ujana wake, joto la jua dirishani likawa linayavuta nje na vanishi yangu ya mbele haikuzuia kitu kwa sababu nyuma, upande wa miguu ya binti wa watu, sikupaka chochote. Paka wa mtaa walikuwa wanakaa mlangoni, na sisemi kwa kutia chumvi, mlinzi ndiye aliyenionyesha.

Nikairudisha karakana. Nikaikwangua pande zote mpaka mbao safi, nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni ya magadi, nikaianika kivulini wiki sita (juani inapasuka), nikairudia tena, nikaipaka pande zote sita hadi kwenye maungio. Harufu imekwisha lakini faida pia ilikwisha. Kwa hiyo uliza mtumbwi ulikuwa unafanya kazi gani. Wa kuvushia watu na mkaa chukua. Wa dagaa mwachie mwenyewe apikie.

Viti usinunue vya ngozi ya kuchora, vitabanduka kwa jua hilo. Kuna akina mama wanaosuka gugumaji, lile gugu lililotuingilia ziwani miaka ya 1980 mwishoni kutoka Amerika Kusini huko, mashina yake yakikauka yanasukwa kama kamba, yanatoka viti na vivuli vya taa vizuri sana. Angalizo ni kwamba likisukwa kabla halijakauka vizuri linaota ukungu masika, shika, nusa, ukikunja lisikike.

---

dada_mapokezi

Seremala nimekuelewa ila tafadhali hiyo meza iwe na sehemu ya magoti. Mnatengeneza meza za kupiga picha mnasahau kuna mtu anakaa nyuma yake masaa nane. Na nyaya za simu zipite wapi, utoboe kabla ya vanishi sio baada.

---

karani_mchovu

Wakuu narudi na mrejesho, imepita wiki na nusu.

Mhandisi kaja, kaangalia michoro, jiwe kakataa bila hata kukaa chini. Kokoto salamu zako nimefikisha. Mwenye jengo kakubali mbao za nje kwa masharti zisitobolewe kwenye fremu ya kioo, zisimame zenyewe na fremu yake. Vioo viwili vya chini vinafunguka kumbe, vilikuwa vimepakwa silikoni na mtu asiyejulikana.

Kwa bosi nilikuwa naogopa kweli. Sikumpelekea mchoro. Nilienda saa kumi na moja jioni nikavuta pazia, nikageuza viti viwili vya zamani vikatazama nje, nikamwita kama kuna mgeni. Akakaa. Boti ya samaki ilikuwa inarudi, mwewe juu yake, mwanga wa jua umetanda kwenye maji. Akanyamaza kama dakika nne, mtu ambaye hanyamazi. Af akaniuliza tivii tunampa nani. Nikamwambia sipendi makuu wa Mabatini, hakuelewa.

Kwa hiyo tunakwenda na terazo kwenye njia ya kuingilia na eneo la viti tu maana yote ilizidi, vigae vinang'olewa kwanza kama kokoto alivyosema. Vyungu vitano vya mama wa Nyegezi, jina lililoandikwa la kumwagilia ni la mlinzi wa mchana, kafurahi kama kapandishwa cheo. Mtumbwi nimeupata Igombe, nimeuliza kazi yake, ulikuwa unavusha watu, nimeunusa mwenyewe mbele ya wavuvi wakaniona nimechanganyikiwa. Benchi na maji ya kunywa yamo, mkuu hatujakusahau.

Imebaki moja. Nilifanya kosa la kumsomea bosi huu uzi na amefika pale kwenye nyumba ya Mabatini. Sasa anasema jiwe basi, maji basi, ila wale mijusi wenye kichwa chekundu na bluu wanapatikana wapi.

---

sipendi_makuu

Mwambie aache vile vioo vya chini wazi saa sita mchana. Wakishaingia kuwatoa ndio ataita mdizaina wa Dar.